Mtoto Aliyeshika Saa

"Apumzike," alisema daktari, na Salvina akangoja aendelee, maana hilo peke yake si neno la kumtoa mtu Kibosho hadi Moshi mjini juu ya lori la ndizi. Daktari hakuendelea. Alikunja mpira wake wa kusikilizia moyo, akauweka mezani, akamtazama Kornel aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu vimeshavaliwa na kamba zimeshafungwa.

"Na dawa?" aliuliza Salvina.

"Dawa nitampa, lakini dawa ni msaidizi tu. Moyo wa mumeo unakimbia hata akiwa amekaa. Miezi mitatu asishike jembe, asibebe mzigo, asikanyage kazini. Akikaidi, mama, utarudi hapa kuchukua maiti."

Kornel alikohoa kwa adabu. Alikuwa mpimaji wa kahawa katika ghala la kijijini kwao, mtu wa arobaini na kitu, mwembamba, kola yake safi hata siku ya kuugua. "Samahani, daktari," alisema. "Nipumzike nikifanya nini?"

Daktari alicheka, akidhani ni mzaha. Salvina hakucheka. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka kumi na mitano, akajua kwamba swali lile lilikuwa la kweli na kwamba mumewe alikuwa akingoja jibu.

Waliporudi stendi ya malori, utingo alikuwa akipakia magunia ya chumvi. Kabla Salvina hajamaliza kutafuta pa kukaa, Kornel alikuwa ameshashika pembe ya gunia. Ilibidi mkewe amvute shati mbele za watu. Wachuuzi wakacheka, mmoja akauliza kama mama huyo ndiye mwenye lori.

*

Siku za kwanza zilikuwa vituko vitupu. Kabla jogoo hajawika Kornel alikuwa shambani na panga, anapunguza matawi ya kahawa. Salvina akalificha panga darini. Kornel akachukua kisu cha jikoni. Kisu nacho kikafichwa, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Alipokatazwa kabisa kuingia kihambani, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, alikaa barazani na kopo la misumari iliyopinda, akawa anainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, ko ko ko, tangu asubuhi hadi jua linakuwa kali.

"Kaa basi, Baba Zita."

"Si nimekaa?"

"Hapo umechutama juu ya kiti."

Ni kweli, hakuwa akijua kukaa. Aliketi ukingoni, mguu mmoja mbele, shingo imenyooka, macho yanazunguka kutafuta kilichoharibika. Usiku alilala vivyo hivyo, na mkewe akilaza kichwa kifuani pake aliusikia moyo ule ukienda mbio kama mtu aliyechelewa misa. Salvina mwenyewe alikuwa mtu wa kulala popote. Angeweza kutua mzigo wa majani kando ya njia, akasinzia kidogo, akaamka mzima. Kwa hiyo alimwona mumewe kuwa mkaidi tu, akawa anamgombeza.

Mpaka siku ile Kornel aliponyatia mferejini kwenda kuzibua takataka. Wanawake waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe walimkuta ameanguka, uso uko karibu kabisa na maji. Walimrudisha nyumbani juu ya magunia, wanne, kila mmoja ameshika pembe, na njia nzima watu wanatoka kwenye malango kutazama. Kornel alifumba macho akajitia amezirai, ingawa akili zilikuwa zimesharudi. Aibu ilikuwa imemzidi maumivu.

Mama yake, Dominika, aliyekuwa akiishi nao, alimpokea mlangoni. Alikuwa bibi mfupi mwenye rozari shingoni na ulimi usio na pazia. Hakumlaumu mwanawe. Alimlaumu mkwewe.

"Umemfungia ndani ndiyo maana damu inaganda. Tangu lini mwanamume mzima akalala mchana? Unataka watu waseme nimezaa mvivu?"

"Daktari ndiye aliyesema, mama."

"Daktari hana kihamba."

Na kuanzia siku hiyo, watu wakipita na kumwuliza habari za Kornel, Dominika alijibu kwamba ametoka. Amekwenda kwa shangazi yake kumtazama ndama. Amekwenda parokia. Kornel alikuwa nyuma ya ukuta, umbali wa mkono, anasikia uongo wote ule, na mara nyingine alikohoa katikati yake.

*

Salvina alikaa jikoni akashika tama. Alijiuliza: katika mlima huu wote, ni nani anayemfahamu aliyewahi kupumzika miezi mitatu? Wazee hufa na fimbo ya kuchungia mkononi. Vijana hawakai. Akapekua kichwa chake chote, akampata mtu mmoja tu, naye ni mwanamke aliyejifungua. Yeye mwenyewe alipomzaa Zita alikaa ndani miezi mitatu. Hakugusa jembe wala kuni, hakuvuka lango, alilishwa mtori na maziwa mpaka mashavu yakang'aa, na siku aliposhika ufagio, Dominika huyu huyu alimnyang'anya akapiga kelele kwamba anataka kuwaaibisha. Kumbe kupumzika watu wa huku walikuwa wanakujua sana. Hawakuwa wamefikiria tu kumpa mwanamume.

Basi akamenya ndizi, akachemsha nyama, akaponda mtori mzito, akaupeleka kitandani ndani ya bakuli la uzazi. Dominika alilitambua bakuli.

"Hiyo unampelekea nani?"

"Baba Zita."

"Mtori. Kwani mwanangu amezaa?"

"Hajazaa, mama," alisema Salvina. "Mimi nataka abaki tu. Nisaidie abaki. Sijui njia nyingine ya kumlaza mtu."

Dominika alisimama pale na neno lake mdomoni, akalimeza. Lakini hakusaidia.

Habari kama hiyo haikai ndani ya ua. Jumapili, baada ya misa, Efraimu alikuja na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. Huyu alikuwa jirani wa ng'ambo ya mfereji, fundi seremala mwenye tumbo na kicheko, na alikuwa amesoma na Kornel darasa moja tangu wakiwa wadogo, enzi zile Waingereza ndio kwanza wamepokea nchi kutoka kwa Wajerumani.

"Hongera ya uzazi," alisema akiinama mlangoni. "Wa kiume au wa kike?"

Kornel alikuwa na bakuli mkononi. Alilishusha taratibu, akalifunika kwa kiganja, kama mtoto aliyekutwa anakula wakati wa kufunga. Efraimu akaona alivyomwumiza mwenzake. Hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake ulitangulia. Akavuta kigoda, akamimina mbege ndani ya kata, akaonja kwanza yeye kama ilivyo desturi, akamnyooshea.

"Tusamehane, ndugu yangu. Nimeropoka." Kisha, ili kuifukuza aibu, akaanza kukumbusha mambo ya zamani. "Unajua nilipokuwa napanda hapa nimepita pale shule yetu ya zamani? Ule mteremko bado upo."

"Upo?" alisema Kornel.

"Upo, nyasi tele." Akamgeukia Salvina aliyekuwa akimenya ndizi karibu na mlango. "Shemeji, wewe huujui. Mwalimu akisema nendeni mkapumzike, tulikuwa tunatoka mle ndani kama mbuzi waliofunguliwa. Kila mtu ameficha gome lake la mgomba kule porini, gome bichi lenye utelezi. Unalikalia, mwenzako anakusukuma, unashuka mpaka chini mferejini. Kaptula ziliisha zote makalioni. Mama yangu alinichapa kwa ajili ya ile kaptula mpaka akachoka, na kesho nikarudi. Tukimaliza hapo, mpira. Mpira wa majani makavu ya mgomba, umefungwa kamba, ukilowa unakuwa mzito kama kichwa cha mtu. Halafu tunakunywa maji ya mfereji kwa mikono, baridi mpaka meno yanauma. Ukiinua kichwa, kilele cha Kibo kimefunguka chote, cheupe. Mimi mpaka leo, nikiwa na shida, nikinyimwa malipo ya kazi yangu, huwa nashuka ule mteremko moyoni. Nakuta nimetulia."

Salvina alikuwa ameacha kumenya ndizi. "Sisi kule Kilema kwa masista tulikuwa na kamba," alisema. "Tulisuka wenyewe. Wawili wanazungusha, tunaingia kwa zamu, tunaimba. Nilikwenda pale baba yangu amekufa juzi, shemeji. Darasani nilikuwa siwezi hata kutamka jina langu. Lakini wakati wa mapumziko wakanivuta mkono, wakaniingiza kwenye kamba. Nikaruka. Nikaanguka nikachubuka goti, ndipo nikalia. Walidhani nalilia goti. Wakakaa na mimi chini wote, wakanipa ndizi mbivu. Nadhani ndiko nilikojifunza kulia na kunyamaza."

Kisha Salvina akamgeukia mumewe akitabasamu. "Na huyu je? Huyu alikuwa hodari wa mchezo gani?"

Efraimu alikuna kidevu. Alimtazama Kornel, akaitazama kata. "Huyu," alisema, "huyu hakuwa akicheza. Huyu alikuwa anashika saa."

"Saa ya nani?"

"Ya mwalimu," alidakia Dominika kutoka pembeni, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. "Mwalimu alichagua mtoto mmoja shule nzima, mwaminifu kuliko wote, amshikie saa yake ya mfukoni wakati wa mapumziko. Wakati ukitimia anapiga kengele, ile reli iliyoning'inizwa mtini. Watoto wa watu walikuwa wanagaagaa matopeni. Wangu alikuwa amesimama na saa ya fedha mkononi. Baba yake alichinja mbuzi siku alipochaguliwa."

"Miaka mingapi?" aliuliza Salvina.

"Yote," alisema Kornel.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilikuwa nasimama pale chini ya mti. Saa nimeishika kwa mikono miwili, maana mwalimu alisema ikianguka baba atalipa ng'ombe. Huruhusiwi kutazama pengine, ukichelewa kupiga, ni fimbo. Kwa hiyo michezo yao mimi nimeisikia tu. Najua kicheko cha kila mmoja. Efraimu alikuwa anacheka kwa kukoroma. Halafu wakati unafika, napiga, wote wananyamaza, wananiangalia. Kila siku. Nilikuwa naona wanavyonichukia."

"Hatukukuchukia," alisema Efraimu kwa shida.

"Mlinichukia. Mngefanyaje? Siku moja mpira ulikuja mpaka miguuni pangu, ukasimama. Mguu wangu uliinuka, mama. Uliinuka wenyewe. Nikakumbuka saa. Nikasimama hivyo, mguu mmoja juu, mpaka akaja mtu akauchukua. Mpaka leo nikikaa, nasikia kama kuna kitu nimeshika na kitaanguka. Nikicheka, nasikia kwamba wakati umepita na sijapiga. Sijawahi kumwambia mtu. Niliona ni upuuzi."

Dominika aliinuka akatoka nje, na walimsikia akiwatawanya kuku ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Salvina naye alikuwa na lake la kuona haya. Miaka kumi na mitano alikuwa akimsifu kwa watu: mume wangu hakai, mume wangu hajui kijiwe wala kilabu cha pombe. Alikuwa akijivunia ugonjwa.

*

"Saa nitaishika mimi," alimwambia asubuhi iliyofuata. "Nipe."

"Saa gani tena?"

"Hiyo hiyo. Kuanzia leo, kama kuna kitu kinachelewa, mimi ndiye ninayechelewa. Wewe cheza."

"Nicheze nini, Mama Zita, na mvi hizi?"

Jibu alilipata Zita, binti yao wa miaka kumi na miwili, aliyerudi kutoka shule na kokoto mfukoni. Alichimba kishimo kidogo pale barazani, akamfundisha baba yake mdako. Unarusha kokoto moja juu, unakomba nyingine, unaidaka ile ya juu kabla haijashuka. Mpimaji wa kahawa, mtu aliyekuwa akitambua uzito wa gunia kwa kulitazama, hakuweza kudaka kokoto. Zilimpiga puani. Zita akacheka mpaka akajilaza chini. Na jioni moja, kokoto ilipomwangukia ndani ya kola, Kornel akacheka pia, kicheko cha ajabu, kimekwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Salvina aliingia jikoni akalia vizuri, akapangusa uso, akarudi kuwasha moto.

Kornel akaanza kupata nafuu. Alikula mtori wake bila kujificha. Alianza kuegemea. Lakini kulala mchana hakuweza. Alifumba macho kumridhisha mkewe, na kope zikachezacheza. Ghalani walikuwa wameshaweka kijana mwingine kwenye mzani, na watu walioleta habari hiyo waliileta kwa haraka kidogo.

Kahawa yao ikaiva katikati ya hayo yote. Salvina na Dominika waliichuma, wakaitoa maganda kwa mashine ya mkono ya Efraimu, wakaiosha, wakaitandaza juu ya vichanja uani. Ilikuwa kahawa nzuri. Ile ya vichanja viwili vya karibu na uzio, iliyochambuliwa punje kwa punje, ndiyo iliyokuwa impeleke Zita shule ya bweni mwaka unaofuata. Hilo kila mtu nyumbani alilijua, na Zita mwenyewe alikuwa akipita pale kuigusa.

*

Ilikuwa Novemba, saa nane za mchana. Mawingu yalishuka kutoka msituni bila ngurumo, na kabla mtu hajasema mvua, mvua ilikuwa uani.

Salvina alitupa kuni akakimbilia mikeka. Dominika alitokea upande wa zizi na majani ya mgomba. Walifunika kichanja cha kwanza, wakafunika cha pili, upepo ukafunua cha kwanza. Mikono minne haikutosha. Zita alikuwa shule. Maji yalianza kuchuruzika chini ya vile vichanja vya uzioni.

"Kornel," aliita Dominika. "Kahawa."

Hakuwa amekusudia, lilimtoka tu. Salvina aligeuka, mkeka uko menoni. Alimwona mumewe ameinuka kitini barazani. Alimwona ameshuka ngazi ya kwanza, ameshuka ya pili, mvua inampiga kichwani, mkono mmoja kifuani. Alitaka kumwambia rudi lakini mkeka ulikuwa kinywani, na angeuachia, kichanja kingekwenda. Akafikiri: akifika hapa, ataanguka hapa.

Kornel alikuwa anaitazama kahawa. Hakuna aliyejua kuliko yeye nini kilikuwa kikitokea pale. Mwaka hadi mwaka alikuwa akichota kiganja cha kahawa iliyonyeshewa, akionyesha madoa, akimrudishia mtu gunia lake, na mtu anasimama mbele ya mzani anamwomba. Alijua gunia lake mwenyewe lingewekwa upande gani. Alisimama pale chini ya maji, na miguu yake ilikuwa inatetemeka kwa kutaka kwenda.

Akageuka. Akapanda ngazi ya kwanza, akapanda ya pili, akakaa. Hakukaa ukingoni. Alijisogeza nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama Zita," alisema, "iache ilowe."

"Itapata madoa," alisema Dominika.

"Itapata, mama. Naijua."

Salvina hakuiacha. Ni nani angeiacha? Walihangaika mpaka wakaokoa walichookoa, na vile vichanja viwili vya uzioni vikaenda. Daraja la kwanza lilikuwa limekwisha, na bweni la Zita nalo, kwa mwaka ule angalau. Salvina alipopanda barazani, maji yanamtiririka, alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia mtoto.

Ndipo akamwona Kornel. Kichwa kilikuwa kimelalia ukuta, kinywa wazi kidogo, mikono imeanguka pande zote mbili za kiti. Salvina alimwita, akaona hasikii. Aliweka kiganja chake chenye maji mbele ya pua ya mumewe, akangoja, akidhani amechelewa. Pumzi ikaja, ya moto. Ikaja nyingine. Kisha Kornel akakoroma. Salvina akajikuta ameketi sakafuni, ameshika mguu wa kiti, analia na kucheka bila kujua kipi kimetangulia.

Dominika alikuja akasimama juu yao. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Huyu sijamwona amelala mchana," alisema, "tangu nilipomwachisha ziwa."

Alivua shuka yake ya mabegani, akaikamua, akaona haifai, akaingia ndani akaleta blanketi. Alimfunika mpaka kidevuni.

Mvua ilikuwa imepungua na njia imejaa watu waliokuwa wakirudi kutoka sokoni. Efraimu alikuwa ametangulia mbele yao, anakimbia na turubai begani, tumbo lake kubwa linamchelewesha. "Nimechelewa," alisema langoni. "Kornel yuko wapi?"

Watu waliokuwa nyuma yake walisimama kusikiliza, maana nyumba ile ilikuwa na habari siku zote. Dominika alishuka uani, akapita katikati ya kahawa iliyolowa, akaenda mpaka langoni, akalishika lango kwa mikono miwili.

"Amelala," alisema, na wote njiani wakasikia. "Mwanangu amelala. Piteni polepole."